Vitabu navyo vilikimbia vita: habari ya maandishi ya Timbuktu

Mwishoni mwa Januari 2013, redio nyingi duniani zilitangaza habari ya huzuni kutoka nchi ya Mali: maktaba ya Timbuktu imechomwa moto. Wapiganaji waliokuwa wameushika mji huo kwa karibu miezi kumi walikuwa wakikimbia mbele ya majeshi ya Ufaransa na Mali, na kabla ya kuondoka waliwasha moto katika jengo lililotunza maandishi ya zamani. Meya wa mji, ambaye wakati huo alikuwa amekimbilia Bamako, ndiye aliyetoa habari. Kwa siku chache watu wengi waliamini kwamba yote yamekwisha.

Habari hiyo ilikuwa ya kweli nusu tu. Maandishi yapata 4,000 yaliungua au kupotea, na hiyo ni hasara kubwa. Lakini sehemu kubwa kabisa ya vitabu vya Timbuktu haikuwa mjini tena. Ilikuwa imeondoka wiki na miezi kabla ya moto, ndani ya masanduku ya bati, juu ya mikokoteni ya punda, kwenye magari na katika mitumbwi. Vitabu navyo vilikuwa vimekimbia vita, sawa na watu.

Familia zilizotoka Masisi, Rutshuru, Ituri au Uvira zinajua swali la asubuhi ya kukimbia: kubeba nini, kuacha nini? Mtoto kwanza, halafu sufuria, blanketi, na kama mkono mmoja bado uko wazi, ule mfuko wa plastiki wenye karatasi: kadi ya kupiga kura, cheti cha ubatizo, buleti za watoto, diploma ya Serikali. Watu wa Timbuktu walijiuliza swali hilohilo, na si mara moja tu. Wamelijibu kwa zaidi ya miaka 400.

Mji uliouza vitabu

Timbuktu iko kaskazini mwa Mali, mahali ambapo jangwa la Sahara linakutana na mto Niger. Wafanyabiashara walileta chumvi kutoka jangwani kwa ngamia, na dhahabu na nafaka zilifika kutoka kusini. Pamoja na chumvi na nguo, misafara ilileta pia vitabu na karatasi. Msafiri mmoja anayejulikana kwa jina la Leo Africanus alipita huko mwanzoni mwa karne ya 16. Katika kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka wa 1550 aliandika kwamba vitabu vya mkono kutoka Afrika ya Kaskazini viliuzwa kwa wingi Timbuktu, na kwamba faida yake ilipita ile ya bidhaa nyingine zote.

Wakati huo vijana walitoka mbali kusoma kwa walimu wa mji huo, hasa katika mtaa wa msikiti wa Sankoré. Haikuwa shule yenye madawati na kengele. Mwanafunzi alimfuata mwalimu, akakaa chini mbele yake, kitabu kikasomwa kwa sauti na kuelezwa sentensi kwa sentensi. Alipokimaliza kwa kukielewa, mwalimu alimwandikia ruhusa ya kukifundisha kwa wengine. Kusoma kulikuwa kazi ya mdomo na masikio pamoja na macho.

Maandishi hayo hayakuhusu dini peke yake. Kuna sheria, hesabu, nyota, dawa za miti, mashairi, barua za biashara, mikataba ya ndoa na ugomvi wa urithi. Kuna pia mikataba ya kuuza watumwa, na hayo nayo ni sehemu ya historia. Mengi ni ya Kiarabu. Lakini mengine yameandikwa kwa lugha za watu wa hapo, kama Kisonghai, Kifulani na Kituareg, kwa kutumia herufi za Kiarabu. Ndivyo Kiswahili nacho kilivyoandikwa kwa muda mrefu, kabla ya herufi za Kilatini kuingia.

Namna kitabu kilivyotengenezwa

Karatasi haikutengenezwa Timbuktu. Ilivuka jangwa kutoka Afrika ya Kaskazini, na baadaye nyingi ilitoka Italia. Ukiishika karatasi moja ya Italia mbele ya mwanga unaona ndani yake alama ya miezi mitatu michanga, ambayo ni alama ya watengenezaji. Kwa sababu ilitoka mbali, karatasi ilikuwa ghali, na hakuna aliyeipoteza hovyo. Mtoto aliyeanza kusoma hakupewa karatasi. Alipewa ubao wa mti, akaandika somo lake kwa wino, akalishika kichwani, kisha akauosha ubao na kuanza somo lingine.

Wino ulipikwa kwa mkaa au masizi pamoja na utomvu wa mti wa mgunga, ili ushike vizuri kwenye karatasi. Wino mwingine ulitiwa chuma, na huo ndio ulioleta shida: kwa miaka mingi unakula karatasi taratibu, hadi herufi zinabaki matundu. Kalamu ilikuwa tete lililochongwa ncha kwa kisu.

Mwandishi alinakili ukurasa kwa ukurasa, na mtu mwingine alipitia kazi yake kusahihisha. Ukurasa wa mwisho ndio wenye habari tamu. Hapo mwandishi aliweza kutaja jina lake, tarehe aliyomaliza, jina la mtu aliyeagiza kitabu, na mara nyingine hata malipo. Katika karne ya 16 kamusi kubwa ya Kiarabu yenye juzuu nyingi ilinakiliwa Timbuktu, na kurasa zake zinaonyesha kwamba mwandishi na msahihishaji wote wawili walilipwa dhahabu. Kwa hiyo, miaka zaidi ya 400 baadaye, bado inajulikana nani alifanya kazi na nani alilipa.

Jambo moja linashangaza anayeona vitabu hivyo kwa mara ya kwanza: vingi havikushonwa. Karatasi zilikaa moja juu ya nyingine, zikafungwa ndani ya jalada la ngozi lenye ulimi wa kufunika na kamba ya kuzungushia, kama mkoba. Kurasa hazikuwa na namba. Ili zisichanganyikane, mwandishi aliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Karatasi zikianguka na kutawanyika, msomaji alitafuta neno hilo na kuzipanga upya.

Kitabu cha namna hiyo kilikuwa na faida mbili. Wanafunzi kadhaa waliweza kugawana karatasi za kitabu kimoja na kunakili kwa wakati mmoja. Tena kilikuwa chepesi kubeba, kwa kuwa kilikaa ndani ya mkoba wa ngozi juu ya ngamia bila taabu.

Msomi aliyepelekwa mbali na vitabu vyake

Mwaka wa 1591 jeshi la mfalme wa Moroko lilivuka jangwa likiwa na bunduki, likaushinda ufalme wa Songhai uliotawala Timbuktu. Miaka miwili baadaye wasomi wa mji walikamatwa wakidhaniwa kuwa wapinzani. Mmoja wao alikuwa Ahmed Baba, aliyezaliwa mwaka wa 1556, mtu wa familia ya wasomi. Mwaka wa 1594 alifikishwa Marrakech akiwa mfungwa, pamoja na watu wa jamaa yake.

Alipopata nafasi ya kusema mbele ya mfalme, Ahmed Baba alilalamikia pia vitabu vyake vilivyoporwa. Alisema amepoteza vitabu 1,600, na kwamba katika jamaa yake yote yeye ndiye aliyekuwa na vitabu vichache zaidi. Hata kama mtu atapunguza hesabu hiyo, maneno hayo yanaonyesha utajiri wa nyumba za mji ule.

Alitolewa gerezani baada ya miaka michache, lakini hakuruhusiwa kurudi kwao. Akafundisha Marrakech, na Wamoroko wakaja kumsikiliza mtu waliyemleta kwa pingu. Alirudi Timbuktu mwaka wa 1608, akiwa amepita umri wa miaka 50, akaendelea kuandika hadi kifo chake mwaka wa 1627. Taasisi ya serikali ya Mali inayotunza maandishi leo ina jina lake.

Baada ya vita ile familia za Timbuktu zilijifunza kuficha. Fundisho hilo lilikaza zaidi wakati wa ukoloni. Mwaka wa 1890, jeshi la Wafaransa chini ya kamanda Archinard liliuteka mji wa Ségou, ulio mbali kwenye mto uleule, na maktaba ya watawala wake ikachukuliwa. Juzuu zake zaidi ya 500 ziko Paris hadi leo, katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Waliosikia habari hizo walifunga vitabu ndani ya masanduku, wengine wakavizika mchangani, wengine wakavificha vyumbani na kunyamaza. Mchwa na unyevu vilikula sehemu, na watoto wa watoto wakarithi masanduku bila kujua kusoma yaliyomo.

Mwaka wa 1973 Mali ilifungua kituo cha kukusanya maandishi hayo. Kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu watu walikuwa na hofu ya kunyang'anywa tena. Mfanyakazi mmoja, Abdel Kader Haidara, mtoto wa familia yenye maktaba yake, alizunguka vijiji kwa miaka akizungumza na wenye vitabu. Mara nyingi alilipa kwa mifugo, kadiri mwenye kitabu alivyotaka. Taratibu masanduku yakaanza kufunguka, na familia kadhaa zikaanzisha maktaba zao mjini.

Mwaka wa 2012

Mwezi wa Machi 2012 wanajeshi waliipindua serikali mjini Bamako. Siku ya kwanza ya Aprili waasi waliingia Timbuktu. Baadaye kundi la Ansar Dine na wenzao walishika mji peke yao, wakakataza muziki, na katikati ya mwaka wakabomoa makaburi ya watakatifu wa mji kwa majembe na sururu. Kwa kosa hilo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, ileile iliyowahukumu Wakongomani Thomas Lubanga na Bosco Ntaganda, ilimpa mtu mmoja wa kundi hilo, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, kifungo cha miaka 9 mwaka wa 2016.

Wenye maktaba hawakungoja wapiganaji wafike kwenye vitabu. Katika wiki za kwanza, Haidara na wenzake walinunua masanduku ya bati sokoni, machache machache ili wasishitukiwe. Usiku walipakia maandishi, wakayatoa katika maktaba zinazojulikana na kuyagawa katika nyumba za watu. Masanduku yalipokwisha madukani, mafundi walikata mapipa ya mafuta na kutengeneza mengine.

Hatua ya pili ilikuwa kuyatoa mjini. Kutoka Timbuktu hadi Bamako ni mwendo wa karibu kilometa 1,000. Vijana, wengi wao wapwa na watoto wa wenye maktaba, walisafiri na masanduku machache katika kila gari. Waliogopa barieri za wapiganaji, na walipofika upande wa serikali waliogopa pia barieri za wanajeshi, ambao walidhani masanduku mazito yana silaha. Ilibidi kufungua, kueleza, kungoja. Wakaaji wa mashariki mwa Congo hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya safari ya namna hiyo. Vita ilipokaribia na barabara kufungwa, mwanzoni mwa mwaka wa 2013, masanduku yaliyobaki yalipita mtoni kwa mitumbwi.

Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wasomi wote. Mlinzi mmoja mzee wa jengo la zamani la taasisi ya serikali, asiyejua kusoma wala kuandika, alitia maandishi ndani ya mifuko mitupu ya mchele na mtama, na usiku yakaondolewa kwa mkokoteni. Hakuweza kusoma hata ukurasa mmoja kati ya ile aliyoiokoa. Alijua tu kwamba ni mali ya mji.

Waandalizi wa kazi hiyo walisema maandishi zaidi ya 300,000 yalifika Bamako. Watafiti wengine wanaona hesabu hiyo ni kubwa mno, na mjadala haujafungwa. Lakini hakuna anayekana kwamba maktaba nyingi za Timbuktu ziliokoka kwa sababu ziliondolewa mapema, tena kwa kugawanywa, kidogo hapa na kidogo pale.

Maisha ya ukimbizi yalileta shida zake. Timbuktu ni kukavu, na Bamako kuna mvua na unyevu. Karatasi zilizozoea jangwa zilianza kupata ukungu. Ikabidi kutafuta vyumba vya kukausha hewa, kufuta vumbi ukurasa kwa ukurasa kwa brashi, kutengeneza maboksi ya kila kitabu kwa kipimo chake, na kupiga picha kurasa zote ili nakala ikae pia mahali pengine.

Karatasi za Congo

Mashariki mwa Congo nako kumekuwa na maandishi ya zamani. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa pembe na watumwa walipokaa Kasongo na Nyangwe, katika Maniema, waliandikiana barua na mikataba kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Sehemu ya karatasi hizo iko Ubelgiji sasa. Tippu Tip, mkubwa wao, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka wa 1902 na 1903. Kwa hiyo maneno ya mfanyabiashara yanasomwa hadi leo. Wanaume na wanawake waliobeba pembe zake njiani hawakuacha karatasi, na maneno yao hayapo.

Lakini kuna kijitabu kimoja kilichotoka upande mwingine. Mwaka wa 1965, katika mji uliokuwa bado unaitwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, watu waliowahi kuwa maboyi katika nyumba za wazungu waliamua historia ya mji wao iandikwe namna wao walivyoijua. André Yav aliikusanya kwa Kiswahili cha Katanga, ikapigwa kwa mashine. Kilikuwa kijitabu chembamba kisicho na mchapishaji mkubwa wala duka la kukiuza. Nakala moja ilisalia, na mwaka wa 1990 mtafiti Johannes Fabian akaitoa kama kitabu akisaidiwa na Mkongomani Kalundi Mango. Maneno yalikuwa yameandikwa bila kufuata sheria za shule, mengine yameshikana, mengine yamekatika, hata ilikuwa vigumu kuyaelewa kwa macho peke yake. Njia iliyosaidia ilikuwa kumwomba Kalundi Mango akisome kwa sauti. Aliposoma, maana ilitoka, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa na watu wanaosema, kwa ajili ya watu wanaosikia.

Habari hizi mbili, ya Timbuktu na ya Lubumbashi, zinaonyesha jambo moja. Kitabu hakilindwi na ukubwa wa jengo. Jengo jipya la Timbuktu ndilo lililochomwa. Kinacholinda kitabu ni watu wanaokijua, nakala zaidi ya moja, na kugawanya mzigo.

Mambo ambayo familia inaweza kufanya

Yale yaliyofanyika Timbuktu hayahitaji pesa nyingi. Kwanza, kuandika ndani ya kila kitabu au kaye jina la mwenyewe, jina la mzazi, kijiji na tarehe. Karatasi ikipotea njiani, aliyeiokota atajua pa kuirudisha. Pili, kutoweka karatasi zote katika mfuko mmoja. Nakala ya diploma au ya cheti cha kuzaliwa ikae kwa ndugu aliye mji mwingine, na picha yake ikae katika simu zaidi ya moja. Tatu, kuweka mkaa uliofungwa kitambaani au mchele mkavu kidogo karibu na karatasi wakati wa mvua, maana chini ya bashi unyevu hauna huruma.

La nne ni kusoma kwa sauti. Mahali ambapo watoto kumi wana kitabu kimoja, mmoja asome na tisa wasikilize, kisha wabadilishane. Ndivyo walimu wa Sankoré walivyofundisha, na wanafunzi wao walitoka wakiwa wasomi. Mzee asiyejua kusoma naye ana kazi: asimulie habari ya kijiji, nani alikianzisha, mashamba yalikuwa ya nani, mipaka ilipita wapi, na mtoto mwenye kalamu aandike kwenye kaye. Siku ya kurudi, kaye hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko kitanda kilichobaki nyumbani.

Mwezi wa Agosti 2025 serikali ya Mali ilianza kurudisha Timbuktu sehemu ya maandishi yaliyokuwa Bamako. Masanduku yalirudi baada ya miaka karibu 13 ukimbizini. Katika vile vilivyotiwa sahihi zamani, jina la mwandishi na la mwenye kitabu bado linasomeka kwenye karatasi ya mwisho.